Kumsema mtu au kumwambia: njia za kutoa mrejesho kazini, na ipi uchague

Kadi zilikuwa 300, za mchango wa harusi, rangi ya maziwa na maandishi ya dhahabu. Kwa asiyezijua, kadi ya mchango ndiyo inayotangulia kadi ya mwaliko: inapelekwa kwa ndugu, jamaa na wafanyakazi wenzako ili wachangie, na chini yake huandikwa namba za simu za kutumia pesa. Kwenye kadi hizi namba ya mweka hazina ilikosewa tarakimu moja. Palipotakiwa 1 paliandikwa 7. Kadi zaidi ya 100 zilikwisha kugawiwa, na michango ikaanza kuingia kwenye simu ya mtu asiyemjua bwana harusi wala bibi harusi.

Wakati huo nilikuwa msimamizi wa kiwanda kidogo cha uchapaji Dar es Salaam, watu 19 jumla. Mteja alifika saa tatu asubuhi, akaiweka kadi mezani kwangu, akanionyesha namba kwa kidole, akakaa kimya. Alipoondoka niliipiga picha ile kadi, nikaizungushia namba duara jekundu, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la kazini na kuandika: "Hii ndiyo kazi tunayotoa? Aliyechapa ajitokeze." Kila mtu alimjua aliyechapa. Alikuwa kijana wa miaka 24, amesimama kwenye mashine yake, hatua kumi kutoka nilipokaa. Zikapita dakika mbili, akaandika: "Samahani dada." Wanne wakaweka vikaragosi vya huzuni. Mashine zikaendelea kuzunguka.

Kosa lilikuwepo, na lilistahili kusemwa. Njia niliyochagua ndiyo iliyoharibu, na ilinichukua muda kujua imeharibu nini. Kwa hiyo hapa nalinganisha njia. Tunafundishwa sana maneno ya kutumia: anza na hili, malizia na lile, usiseme "wewe", sema "mimi". Lakini nimeshuhudia maneno yale yale yakipita njia mbili na kufika yakiwa mambo mawili tofauti.

Kipimo ninachotumia nimekitoa kwenye lugha yetu wenyewe. Mtu akirudi nyumbani akasema "bosi kaniambia", ujue kuna jambo amepewa. Akisema "bosi kanisema", amefokewa, au amezungumzwa mbele za watu, au nyuma ya mgongo wake; yote matatu tunayaita kusemwa. Anayeambiwa anaweza kuuliza, kubisha, kueleza ilivyokuwa. Anayesemwa hana zamu. Basi kila njia hapa chini naipima kwa swali moja: anayepokea ana zamu ya kujibu?

Kundini au pembeni

Wanaotetea kundi la WhatsApp wana hoja tatu. Ujumbe unafika haraka, kila mtu anajifunza kwa kosa la mmoja, na ushahidi unabaki. Hoja ya pili ndiyo ya kuiangalia kwa makini, kwa sababu inaonekana ya haki. Ni kweli wote wanajifunza. Wanachojifunza ni kwamba ukikosea utaanikwa.

Yule kijana hakuacha kazi wala hakununa. Aliendelea kusalimia. Ila wiki chache baadaye iliingia karatasi yenye unyevu, rimu kama 20 hivi zilizokaa chini ya dirisha linalovuja, naye akazichapa zote. Karatasi yenye unyevu huvuta wino vibaya, na ikikauka inajikunja pembeni kama jani la mgomba. Kwa mikono yake anajua hilo kuliko mimi. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwa adabu kabisa: "Niliambiwa nichape." Mtu aliyekuwa ananiletea matatizo yakiwa madogo alianza kuniachia niyakute yakiwa makubwa.

Hili limechunguzwa na watu wenye subira kuliko mimi. Mtafiti Amy Edmondson wa Marekani alilinganisha wodi za hospitali kwa makosa ya kutoa dawa, akitarajia kwamba wodi zenye uhusiano mzuri kati ya wauguzi na viongozi wao zingekuwa na makosa machache. Matokeo yake, aliyoyachapisha mwaka 1996, yalikuja kinyume: wodi nzuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyapata ni kwamba huko watu walikuwa wanayasema. Kwenye wodi zenye woga makosa yalibaki chini ya godoro. Nikisoma hivyo nakumbuka zile rimu 20.

Pembeni basi, lakini pembeni nako kuna namna. Wengi wetu tukisikia "faragha" tunafikiria ofisi. Kwenye sehemu nyingi za kazi hapa kwetu, ukimwita mtu ofisini na kufunga mlango, jengo zima linajua anasemwa, na akitoka macho yote yako usoni kwake kuona kama amelia. Mimi naona ni afadhali umfuate pale pale anapofanyia kazi, wenzake wakiwa wamekwenda kula, kitu chenyewe kikiwa mkononi. Kadi mkononi. Mnaitazama wote wawili. Macho yakiwa kwenye kitu, aibu inapungua, na mkono wake nao unaweza kukigusa na kukuonyesha kile usichokiona.

Kuna njia ya katikati: ujumbe wa faragha kwenye simu. Unazidi kundi kwa mbali, lakini una shida yake. Hujui anausoma akiwa wapi. Wewe umeuandika umetulia, yeye anausoma saa nne usiku amebanwa kwenye daladala, na sauti anayoisikia kichwani mwake si yako. Simu naitumia kupanga mazungumzo tu, tena nataja jambo lenyewe: "Kesho asubuhi tuangalie ile kazi ya kalenda, rangi ya bluu haijanikaa sawa." Usimwandikie mtu "Kesho nataka tuongee" ukaishia hapo. Umemnyima usingizi bure.

Kundi nalibakishia kazi moja: jambo lisilo na mwenyewe. "Kuanzia leo kila namba ya simu isomwe kwa sauti na watu wawili kabla ya kuchapa." Hilo ni tangazo, na halimvui nguo mtu yeyote.

Papo hapo au mwisho wa mwaka

Hapa sina haja ya kurefusha, kwa sababu waliofanya kazi serikalini wanaijua historia yenyewe. Zamani mkubwa wako alijaza taarifa ya siri juu yako kila mwaka. Hukuiona. Ungeweza kukosa cheo na usijue ni kwa neno gani, wala uulize nani. Mwaka 2004 Tanzania ikaleta mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, OPRAS, ambao mtumishi na msimamizi wake wanakaa pamoja, wanakubaliana malengo ya mwaka, wanayapitia katikati ya mwaka, na mwisho kila mmoja anatoa alama, 1 ikiwa ya juu na 5 ya chini. Sasa serikali imehamia PEPMIS, mfumo wa kielektroniki. Kutoka siri kwenda wazi ilikuwa hatua kubwa, na neno "wazi" halikuwekwa kwa pambo.

Lakini fomu yoyote, ya karatasi au ya kompyuta, ina udhaifu mmoja: inakuja na kalenda yake, kosa linakuja na siku yake. Nimewahi kukaa kwenye tathmini ya Juni nikaambiwa kuhusu barua niliyoiandika Septemba. Nilikuwa nimeshaandika barua nyingine kama hamsini kwa mtindo ule ule. Miezi tisa mtu alikuwa na ukweli wangu mfukoni mwake akinisubiria fomu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na anayeuona ufa wa mwenzake akanyamaza naye atakuja kubeba matofali.

Ukilazimika kuchagua moja, chagua papo hapo, ukimaanisha siku hiyo hiyo au kesho yake, hasira ikishatulia. Kama kazini kwenu kuna fomu, itumie kuandika yale mliyokwisha kuambiana. Mtu asikute jambo jipya kwenye fomu.

Kupuliza, kuchana, au kukosoa

Njia ya kwanza ni ile ya kusifu, kulaumu, kisha kusifu tena. Semina nyingi huifundisha. Sisi tuna jina lake tangu zamani: kuuma na kupuliza. Ubaya wake hauko kwenye sifa. Sifa ya kweli ni chakula. Ubaya ni kwamba ikitumiwa mara tatu watu wanaizoea, na siku utakayomsifu mtu kwa dhati atakaza misuli akisubiri meno. Tena kwa mtu mwenye aibu au mgeni kazini, lawama inamezwa na sifa kabisa. Anatoka amefurahi, hajui kama kuna lolote la kurekebisha. Huko ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Njia ya pili ni kumchana mtu makavu. Ina mashabiki wake siku hizi, hasa kwa mameneja vijana wanaojivunia kwamba wao "hawazunguki". Nawaelewa, maana uzungushaji wetu nao unachosha: unaweza kukaa na mtu nusu saa akikuuliza habari za watoto na mvua, ukatoka hujajua alikuitia nini. Lakini makavu mara nyingi humfaa zaidi anayetoa. Anapumua. Mwingine ndiye anabaki amebeba.

Mwaka 1996 huo huo watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu mrejesho, vipimo 607 kwa jumla. Kwa wastani mrejesho uliwasaidia watu. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya vipimo hivyo watu walifanya kazi vibaya zaidi baada ya kuambiwa kuliko kabla. Maelezo yao ni kwamba maneno yakimtoa mtu kwenye kazi yake na kumrudisha kwenye nafsi yake, yaani akaanza kujiuliza "mimi ni mtu wa aina gani?", nguvu zinaishia huko na kazi inabaki yatima. Na hilo linawezekana kwa lawama na hata kwa sifa.

Njia ya tatu imefichwa ndani ya neno ambalo tumelichafua. Kunja, kunjua. Choma, chomoa. Kosa, kosoa. Kile kimalizio kinatengua tendo: kukunjua ni kuondoa mkunjo, kuchomoa ni kuondoa kilichochomwa, na kukosoa, kwa asili yake, ni kuondoa kosa. Leo tukisikia "amenikosoa" tunasikia kushambuliwa, lakini umbo lenyewe linadai kazi ya mikono: kosa liko wapi, na linatolewaje. Ukiwa huna jibu la swali la pili, hujafika kwenye kukosoa. Subiri kidogo.

Linganisha sentensi hizi. "Wewe huwa si makini." Hii inamrudisha mtu kwenye nafsi yake, na hakuna kitu cha kushika. "Kazi yako ni nzuri sana, ila namba tu, lakini kwa jumla safi." Hii inapuliza. "Kwenye hii kadi tarakimu ya sita ni 7, kwenye ujumbe wa mteja ni 1. Ilipitaje hapa katikati?" Hii ina kitu, ina mahali, na inaishia kwa swali ambalo anayeulizwa ndiye mwenye jibu. Naipendelea hii ya tatu kila siku ya wiki. Laiti ningeiuliza asubuhi ile.

Kwenda juu: sanduku la maoni au mshenga

Mpaka hapa nimezungumza kama anayetoa ni mkubwa na anayepokea ni mdogo. Kazi ngumu ni kinyume chake. Tumelelewa kwa "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", na hatukupewa methali ya mkuu asiyesikia la mdogo. Lakini guu lake nalo huvunjika, na mara nyingi huvunjika pamoja na mishahara yetu.

Sanduku la maoni lipo karibu kila mahali: ukutani, lina kufuli dogo, funguo hajulikani nani anazo. Faida yake ni kumficha anayesema. Kwa kipimo changu lina kasoro upande wa pili: bosi naye hana zamu. Anasoma "meneja ana upendeleo" na hawezi kuuliza kwa nani, lini, kwenye nini. Asichoweza kuuliza anaanza kukitafuta. Sehemu moja niliyofanya kazi, karatasi kutoka sandukuni ilikaa mezani kwa mkubwa pamoja na faili la fomu za likizo, na yeye akilinganisha miandiko. Tuliliona sote kupitia mlango wa kioo. Baada ya siku hiyo sanduku lilipokea karatasi za pipi tu.

Kuna mambo ambayo kujificha ni haki yako. Kama ni wizi, au mkubwa anadai ngono ili akupe mkataba au cheo, huo si mrejesho, ni jinai. Tanzania ina sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 inayoitaja rushwa ya ngono, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana namba ya bure, 113. Usiende kumshauri mtu wa namna hiyo kwa upole.

Kwa yale ya kawaida, njia ninayoithamini kuliko sanduku ni mshenga. Tunamtumia kwenye posa kwa sababu nzuri: anabeba neno zito kati ya pande mbili bila upande wowote kuvunjiwa heshima, na akikataliwa yeye, hakukataliwa mwenye neno. Kazini mshenga ni mtu mzima anayeaminika na pande zote. Tofauti na sanduku, mshenga ana masikio na mdomo. Bosi anaweza kumuuliza, naye akajibu au akarudi kuuliza.

Kwetu alikuwa mzee wa mashine ya kukatia karatasi, mtu wa miaka 58, aliyekuwepo pale kabla ya mwenye kiwanda wa sasa. Wiki kama sita baada ya zile kadi alinifuata jioni, wengine wakiwa wanabadili nguo. Nikamwamkia. Akaitikia, akakaa, akauliza habari za mama yangu, nami nikajibu. Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza na kuilainisha kwa upande wa kiganja, kama anavyolainisha karatasi kabla ya kukata. Ilikuwa pulufu ya zile kadi, nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa. Namba ya chini ilikuwa na 7. Na pembeni, kwa wino wa bluu, kulikuwa na sahihi ya kuruhusu kazi ichapwe. Ilikuwa yangu. Mteja alikuwa safarini siku ile, akaniomba nimkagulie.

"Mwanangu," akasema, "kijana alichapa alichopewa. Hii anayo tangu siku ile. Alishindwa namna ya kuiweka kule kwenye simu."

Nimeandika kwamba nilichagua njia isiyo na zamu. Hiki ndicho kilichokuwa ndani ya ile zamu niliyoinyima: jibu la swali langu mwenyewe. Kijana angelinipa siku ya kwanza kama ningevuka hatua kumi nikiwa na kadi mkononi. Kundini angefanyaje? Aweke picha ya sahihi ya msimamizi wake mbele ya watu 19? Kwa malezi yetu huko ni kumvua mkubwa kilemba, na alikuwa amelelewa vizuri.

Mshenga ana gharama zake. Neno likipita kwa mtu wa tatu hulainika, na wakati mwingine hulainika hadi likapotea. Mshenga mbaya anaongeza chumvi, au anageuka kuwa mtu wa kujua siri za kila mtu. Na wewe mkubwa usimtumie kamwe kumfikishia neno mtu aliye chini yako. Ukifanya hivyo umemwambia kwamba hastahili hata dakika zako tano. Mshenga apande tu. Asishuke.

Unapomsimamia anayekuzidi umri

Hili linaumiza vichwa vijana wengi wanaopewa usimamizi na shahada zao mpya. Baadhi wanachagua kunyamaza, kosa linaendelea. Baadhi wanachagua kuvaa cheo, wanamwita mzee kwa jina lake tupu, na kuanzia hapo hawapati kitu kwake zaidi ya saa za mkataba.

Nilichojifunza kwa yule mzee, nilipohitaji kumwambia kwamba vipimo vyake vya kukata vilikuwa vinapungua milimita mbili, ni kwamba shikamoo haipunguzi cheo chako. Unamwamkia kama unavyomwamkia siku zote. Kisha unasema jambo lako wazi, bila kulifunika: "Mzee wangu, vijitabu hivi vimepungua milimita mbili upande wa juu, vyote. Nimepima. Nifundishe, kinachosababisha ni kisu au kile kizuizi cha nyuma?" Heshima iko kwenye maamkizi na kwenye "nifundishe". Ukweli uko kwenye milimita mbili. Havigombani. Wanaodhani lazima uchague kati ya heshima na ukweli wamechanganya heshima na woga. (Kilikuwa kizuizi cha nyuma. Skrubu yake ilikuwa imelegea, na alikuwa ameshaomba mpya mara mbili.)

Pale maandishi yanapokuwa lazima

Nimesifu sana mdomo, kwa hiyo niseme na mpaka wake. Mambo yakielekea kwenye ajira ya mtu, maandishi yanawalinda nyote wawili. Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini zinamtaka mwajiri ampe mwelekezo mfanyakazi ambaye kazi yake haifiki kiwango, na ampe muda wa kutosha kujirekebisha kabla ya kufikiria kumwachisha. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi utaulizwa ulimwambia lini, na "tuliongea tu" haitoshi. Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakwenda mbali: kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akiwepo akitaka, na umsikilize. Sheria yenyewe imeweka zamu.

Mpangilio ninaoufuata ni kuongea kwanza, kuandika baadaye, na kumpa asome nilichoandika kabla sijakiweka kwenye faili. Barua ya onyo isiyotanguliwa na mazungumzo ni kumsema mtu kwa mhuri.

Upande wa anayepokea

Anayepokea naye ana njia za kuchagua, na tunamsahau. Ya kwanza ni kujitetea hapo hapo. Mara nyingine ni halali, lakini maneno yanayotoka dakika ya kwanza ni ya moyo uliopigwa, na mwenzako atakumbuka sauti yako kuliko hoja yako. Ya pili ndiyo tunayoipenda zaidi: "Sawa." Sawa bosi, sawa dada, nimekuelewa mama. Kazini kwetu "sawa" inaweza kuwa nimekubali, nimechoka, nakuheshimu, au niache niende. Ikija upesi mno ni mlango unaofungwa. Ndiko inakoishi ile methali, kuambizana kupo, kusikilizana hapana.

Ya tatu ni kuuliza swali moja na kuomba usiku mmoja. "Unaweza kunionyesha ni wapi? Nitaliangalia, kesho asubuhi nitakujibu." Kisha kesho urudi kweli, hata kama jibu lako ni kwamba hukubaliani. Wengi wetu tunasahau sehemu ya kurudi, na anayetoa ukweli akiona haurudiwi anaacha kuutoa.

Jioni ile mbele ya mzee nilitamani ya kwanza. Nilikuwa na utetezi tayari: siku ile nilikuwa na kazi saba mezani. Nikaomba usiku mmoja. Asubuhi nilivuka hatua zile kumi, kijana akazima mashine, nikamwonyesha sahihi yangu, nikamwomba radhi. Akasema, "Yameisha dada." Lakini nilichotangaza kundini hakikuweza kutenguliwa pembeni. Saa nne nikaweka picha ya ile pulufu kwenye kundi lile lile, nikaizungushia sahihi duara jekundu, nikaandika kwamba kosa la kadi lilikuwa langu, kwamba kijana alichapa nilichokiruhusu, na kwamba nilimsema mbele ya watu bila kumuuliza.

Hakuandika kitu. Aliweka dole gumba. Siku mbili baadaye alikuja mezani kwangu na pulufu ya kalenda niliyokwisha kuitia sahihi, akaiweka mbele yangu, kidole kikiwa juu ya mwezi wa Februari.

"Dada," akasema, "hii uliisoma mpaka mwisho?"